Ufunguo wa Tumbo la Dunia

Jumatatu, 3 Februari 2025

Amekuja mtaalamu wa matetemeko kutoka Arua. Madamu Annet. Ana mitambo miwili, kila mmoja mfano wa birika lisilo na mkono. Unafukiwa ardhini, unasikiliza tumbo la dunia. Anatafuta boma tulivu. Kijiji cha Onduparaka, chenye timu ya mpira, kilishindwa: kila timu ikifunga bao watu wanaruka, na mtambo unaandika tetemeko! Sasa Koboko tunajaribiwa wiki nzima. Mtambo mmoja kwangu, mmoja kwa jirani yangu Kamisi. Atakayefaulu atabaki na mtambo na kukabidhiwa ufunguo wa sanduku lake.

Kamisi! Ana ufunguo wa bomba la mtaa. Ana ufunguo wa stoo ya msikiti. Akipata na huu wa dunia, nahamia Yumbe. Nina miaka arobaini na saba. Sijawahi kukabidhiwa ufunguo wowote ila wa baiskeli, na baiskeli yenyewe iliibwa. Naumia kuandika haya, lakini ni kweli.

Madamu alitueleza kwamba ardhi tunayokanyaga ni ganda tu. Limepasuka vipande, na vipande vinasogea polepole. Afrika nayo inachanika, tena upande wetu huu wa bonde la ufa. Chini ya ganda kuna miamba ya moto. Katikati kabisa, chuma. Nikauliza chuma chote hicho ni cha nani. Akasema hajawahi kuulizwa. Kamisi akacheka. Nimeliweka moyoni.

Jumanne, 4 Februari

Nimetoa amri. Kwangu hakuna kukimbia, hakuna kupasua kuni. Mbuzi wamehamia kwa shangazi. Medina, mke wangu, asitwange. Sasa Medina anauza odii sokoni, na huwezi kupata odii bila kutwanga karanga na ufuta. Akauliza kama tutakula huo utulivu. Kisha akajitwika kinu, akaenda kutwanga kwa Kamisi!

Nilitaka kumzuia. Nikatafakari. Nikamkimbilia na mchi aliousahau.

Alasiri nimesimama kando ya ua wa Kamisi. Du! Du! Du! Tamu kuliko ngoma za harusi yangu. Kamisi akalalamika kwamba mke wangu anamtikisia boma. Nikamwambia mgeni hafukuzwi.

Jumatano, 5 Februari

Wasiwasi. Bodaboda zinapita mbele ya nyumba kwenda mpakani, na malori ya Kongo nyuma yake. Mtambo unasikia yote. Nimefikiri mpaka chai ikapoa. Nani hasikii bodaboda? Aliyelala!

Nimeufukua. Nimeulaza ubavu juu ya godoro letu, kama mgonjwa, blanketi mbili juu yake. Waya wake wa kwenda kwenye sanduku unapita dirishani. Shimo nimelifunika kwa karai.

Medina amerudi sokoni, akaona. Nanukuu, maana sijawahi kuambiwa hivi: “Sule, wewe iko mutu namna gani? Chuma iko lala kwa godoro, sisi iko lala chini?” Nikamwambia ni siku chache tu. Akasema mgongo wake haujui kuhesabu siku.

Ijumaa, 7 Februari

Mgongo umekakamaa, lakini kimya kilichoje! Hata kupiga chafya natoka nje ya boma.

Baada ya swala nilikaa kwa Wahabu, muuza chai. Simu yake ikasema tetemeko kubwa limetokea chini ya bahari, upande wa pili wa dunia. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Wahabu akashika vikombe vyake kwa mikono miwili, akasubiri. Tukasubiri wote. Hakikutikisika hata kijiko. Nikaagiza mandazi.

Jumapili, 9 Februari

Madamu amefungua kompyuta mbele ya watu. Mtambo wangu: tangu Jumatano, mstari umenyooka kama rula. Nikapiga makofi. Peke yangu.

Akasema mstari wa namna hiyo haupo popote duniani. Hata makaburini ardhi hutikisika kidogo, kwa sababu mawimbi ya bahari hupiga pwani na mtikisiko wake unafika mpaka hapa Koboko, ambako wengi wetu bahari hatujaiona. Mtambo huu ukilazwa ubavu haufanyi kazi. Tetemeko la Ijumaa lilipita katika miamba ya moto, likapenya kile chuma cha katikati, likafika chini ya miguu yetu kwa dakika kama ishirini. Dunia nzima ilisikia. Kwangu, usingizi! Kisha akauliza, kwa adabu sana, kwa nini mtambo una manyoya ya blanketi.

Wa Kamisi umelichora tetemeko lote, mwanzo mpaka mwisho. Na kinu je? Nilipiga kelele. Madamu akasema kinu kina mdundo mmoja, na Medina alimwandikia saa zote alizotwanga, kwa hiyo ni rahisi kukitenga. Mke wangu! Kwa kalamu hii hii!

Kamisi amekabidhiwa ufunguo. Ameutia kwenye kamba na wenzake. Nimeingia ndani, nimelala mchana kutwa, na nimelia kidogo. Medina akaniletea chai.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeamka na akili mpya. Tetemeko lile lilipita chini ya mji mzima na hakuna mtu aliyelihisi! Basi mtu akitangaza tetemeko, nani atambishia?

Nimekwenda kwa Wahabu. Nimetangaza kwamba Alhamisi, saa kumi alasiri, tetemeko zito litapita chini ya banda lake. Halitahisiwa na mtu, ila vyombo visivyolindwa, mimi simo. Wahabu akabadilika rangi. Akafungia vikombe vyote kabatini, akaniomba nimtunzie ufunguo mpaka liishe.

Ufunguo! Mimi! Nimeuvaa shingoni. Nimepita mbele ya Kamisi mara nne. Kule bandani wateja wanakunywa chai kwa vibakuli vya plastiki na wanalalamika. Medina ameuliza nitasema nini Alhamisi ikifika.

Nimeshapanga. Jumatano jioni nitatangaza kwamba tetemeko limechelewa njiani.