Kamera ya Mke wa Sajini

Ncha za bisibisi za Tajudin zilikuwa zinang'aa. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, mimi niliyekuwa nikishona vifungo kwenye baraza ya jirani, pale Old Kampala, mwaka uliofuata baada ya Wahindi kufukuzwa. Fundi gani wa kamera ana bisibisi ambazo hazijawahi kukutana na skrubu? Lakini mimi si msemaji, na Tajudin alikuwa anasema vya kutosha mtaa mzima.

Tajudin hakuwa fundi. Zamani aliwahi kusafisha picha katika chumba cha giza cha studio moja, mpaka akagundua kwamba maneno yanalipa kuliko dawa za picha. Asubuhi hiyo alikuwa anapita zake mbele ya studio yenye vumbi, akachungulia kwenye kioo, akaona kabatini kamera ndogo ya Kijerumani. Akasimama kama mtu aliyeitwa jina lake.

Studio hiyo, iliyoachwa na Wahindi, ilikuwa imegawiwa Sajini Okeny wa jeshi, naye akamwachia mkewe, Alanyo. Alanyo alipokea funguo, kabati la kamera na onyo: wakaguzi wakipita wakikuta duka halifanyi kazi, anapewa mtu mwingine. Wakaguzi walikuwa karibu, na hakuna hata kamera moja iliyokubali kulia inapobonyezwa.

"Mama, hizi hazijafa," alisema Tajudin, akaiweka moja sikioni kama daktari. "Zina mafua."

"Mashine inapata mafua?"

"Ukungu, mama. Umeingia kifuani."

"Wewe nataka pesa ngapi?" Alanyo alizungumza Kiswahili cha kambini, kisichopoteza muda.

Hapo Tajudin akaonyesha kipaji chake. Hakutaja bei. "Fundi atakutibia leo, kesho atarudi kukula. Jifunze kutengeneza mwenyewe. Mimi nitakufundisha bure."

Neno hilo lilimwingia Alanyo kama chai ya tangawizi. Alikuwa mwanamke aliyewahi kubishana na muuza nyanya mpaka muuzaji akahama soko.

Mpango wa Tajudin ulikuwa mwepesi. Mama angezama katika zile kamera kuukuu, na yeye angeichukua ile ya Kijerumani "kuianika juani." Jua lenyewe lilikuwa Ntinda, nyumbani kwa Bashir, mfanyabiashara aliyekuwa anafunga mizigo kwenda Nairobi na kutafuta kamera ya kuuza huko.

Alanyo akatandika blanketi la jeshi sakafuni.

"Blanketi la nini, mama?"

"Skrubu ikianguka hapa, haikimbii. Bunduki ya bwana mimi ndiye nasafisha. Yeye anapeleka kukaguliwa tu."

Tajudin akacheka. Hakupaswa kucheka. Mama alifungua kamera moja baada ya nyingine, akavipanga vipande kwa mstari, kilichotoka mwisho kikarudi kwanza. Mafuta yaliyokauka aliyafuta kwa unyoya wa kuku uliochovywa petroli. Alasiri, mtambo wa kwanza ukalia: tak. Aliyeshangaa zaidi ni mwalimu, kwa sababu mengi aliyomfundisha aliyabuni palepale.

Tatizo likabaki vioo. Kamera zote zilikuwa na macho meupe kwa ukungu, isipokuwa ya Kijerumani. Alanyo akaisafisha nayo, ikalia vizuri kuliko zote.

"Hii ndiyo itaokoa duka langu," alisema, akaifunga katika mfuko wake wa ngozi, akairudisha kabatini. "Kesho napiga picha."

Jioni alipoingia ndani kukoroga maharage, Tajudin alitoka na koti lililovimba ubavuni. Akanisalimia kwa adabu. Watu wa namna hiyo hawakosi adabu.

Huko Ntinda, Bashir alifungua mfuko, akatazama, akanusa.

"Tajudin, ndugu yangu, nilikuambia kamera. Wewe umeniletea kopo lenye sabuni."

Kambini, bunduki hailali ikiwa kamili. Mke wa askari anajua: bolti inatolewa, inafichwa mbali, ili mwizi akija abebe fimbo. Kila kitu kilicholia mkononi mwa Alanyo kililala kwa sheria hiyo. Mtambo na kioo, alivyovitoa kimyakimya kabla ya kuifunga mfukoni na kutia sabuni mahali pake, vilikuwa kwenye leso, ndani ya nguo yake, na yeye usingizini. Sisemi kwamba alimshuku Tajudin. Lakini hakuna anayejaza bunduki sabuni.

Kesho yake Tajudin alirudi, mfuko wa ngozi mkononi.

"Nilikwenda kuianika, mama."

"Jua la wapi?"

"Ntinda. Kule kuko juu kidogo."

"Imekauka?"

"Imekauka sana. Imebaki gamba."

Alanyo hakugombana. Alitandika blanketi, akatoa leso, akaunganisha. Tajudin alitazama kwa upole wa paka. Kamera ikikamilika tu, alijiambia, miguu itafanya kazi yake. Wakati huo Sajini Okeny akaingia, akaketi mlangoni akila karanga, bunduki magotini. Hiyo ilikuwa na bolti yake.

"Kaa pale, fundi," alisema Alanyo, akitia filamu. "Tujaribu. Cheka kidogo."

Tajudin hakuwa amepigwa picha maishani. Katika kazi yake mtu haachi sura yake nyuma. Lakini kiti kilikuwa kizuri, pazia lilikuwa na maua, na akacheka.

Tak.

"Sasa nani anajua kusafisha picha?"

Sajini akanyoosha miguu, ikauziba mlango. Tajudin akainua mkono. Na baada ya kujiona akitokea taratibu ndani ya maji ya dawa, kichwa kikamvimba: akaichapa picha kubwa, kubwa kama sinia.

Alanyo akaiweka dirishani, mahali pa picha bora ya studio, kama ilivyo desturi. Wakaguzi walipopita waliona studio hai, wakaingia kupigwa zao. Ila kabla yao alikuwa amesimama pale mama mmoja wa Lubaga.

"Huyu ndiye aliyeniuzia redio iliyojaa matope," alisema. "Yuko wapi?"

Nyuma yake akaja mwanamume mwenye malalamiko ya kwake, kisha wengine. Tajudin aliwaona kupitia upenyo wa pazia, akarudi chumba cha giza, akajifungia. Aliendelea kukaa humo, akisafisha picha za watu chini ya taa nyekundu, na Alanyo akimpitishia mlangoni sahani ya posho, ugali wa mahindi. Kampala nzima ilikuwa inamjua kwa sura.

Mimi niliitazama picha ile kila nilipoinua sindano. Watu walipokuja kuitukana, nilikuwa nainamisha kichwa. Mlango wa chumba chake cha giza ulikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, na sikuwahi kubisha hodi. Basi nasema sasa: ulitoka vizuri pichani, Tajudin. Ulitoka vizuri sana.