Binti Yako Ametengeneza Maneti

Ndosho, Goma, tarehe 9 Juni

Kwa Papa mukwe Kataliko, Mapendo

Papa muheshimiwa,

Ninaandika nikiwa nimevaa shati la Jumapili, kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Ninamshitaki binti yako Pascasie, mke wangu, kwa kosa la kujua kazi.

Unakumbuka nilisimama mezani kwako nikaahidi kwamba Élodie, mdogo wake, atachora tena mitindo ya nguo. Tangu aungue, vidole vyake havikunjiki, na kipanya cha kompyuta hawezi kukishika. Nilisema nitachukua maneti ya mchezo wetu wa zamani wa televisheni, ile yenye kijiti kinachosukumwa kwa kiganja, niiunge kwenye kompyuta. Nilisema siku mbili. Zilipita wiki sita.

1. Plagi ya maneti haikuingia popote, basi nikakata waya. Ndani zikatoka nyaya tisa, kila moja na rangi yake. Nilizifunga kwa kubahatisha. Mshale ukapanda juu ya kioo, ukabaki huko. Nilimwambia Élodie, aliyekuja kwetu kujaribu, kwamba kompyuta ina homa. Pascasie, aliyekuwa anakunja nguo, akaniuliza: «Honoré, hizi rangi uliziandika fasi gani mbele ya kukata?» Papa, mume anaulizwa hivyo mbele ya shemeji yake?

2. Kesho yake nilikwenda sokoni Birere kutafuta kifaa cha kuunganishia. Niliporudi, Pascasie, huyu mwalimu wa darasa la tatu, alikuwa ameifungua maneti. Kwa betri na balbu ya tochi alikuwa amejaribu kila waya na kuandika daftarini unakokwenda. Kisha akatoa ubao mdogo ulio ndani ya kibodi yetu mbovu, akazichomelea nyaya hapo. Kompyuta ikadhani maneti ni kibodi, naye akaipanga isogeze mshale kwa vitufe. Élodie akasukuma kijiti kushoto, mshale ukaenda kushoto. Akachora kola, akachora mkono wa gauni, akaanza kulia. Mimi nilikuwa mlangoni, na kifaa changu mkononi.

3. Kibao changu cha fundi, hapo mlangoni, kimeandikwa «Injinia Honoré». Sasa watu wanasimama chini yake wakiuliza, «Mama Injinia yuko?» Hata muzee Yuma, aliyeniachia redio yake miaka mitatu, alikuja kuichukua ampe yeye. Ikasema siku hiyohiyo. Ilikuwa habari za michezo.

Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima yote, umwite Pascasie huko Mapendo mwezi mzima, umkalishe mbali na waya wa aina yoyote, mpaka watu wasahau.

Nisalimie Mama Olive, Élodie, na kila anayekula kwenye sahani zako.

Mkwe wako mtiifu, aliyedhulumiwa nyumbani mwake,

Honoré Mulumeoderhwa

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha wakati wasichana wawili wa kituo alikotibiwa Élodie walipoingia na maneti zao, wakitaka ziungwe kama yake. Pascasie amevuta kiti, akaniambia nimushikie taa. Nimeishika vizuri, hata yeye amekubali. Papa, tafadhali, usimwite.