Waziri Apanda Kitandani

Dunia hii ina wawili tu wanaojua kila kitu: Mungu na Wekulo. Tofauti yao ni kwamba Mungu hunyamaza mara moja moja.

Wekulo ni fundi wa masanduku ya bati, yale ya watoto wa bodingi. Mchana kutwa anagonga nyundo pale jua kali, ta! ta! ta! Nyundo ikipumzika, mdomo unashika zamu. Mtaa mzima wa Shauri Moyo haujawahi kumshinda kwa maneno. Alishawahi kubishana na fundi wa saa kuhusu saa, na mzee wa watu akaenda nyumbani akiwa hajui ni asubuhi ama jioni.

Sasa siku moja jamaa akapeleka sanduku Lavington kwa mama fulani tajiri. Akapitishwa mlango wa jikoni, kama kawaida ya sisi watu wa sanduku. Akiwa kwenye korido akachungulia chumba kimoja, na macho yakamtoka. Kitandani kulikuwa na mtu amejifunika duveti mpaka shingoni, kichwa kwenye mto.

Wekulo akavua kofia. Alidhani ni mgonjwa wa familia.

Mgonjwa akapiga miayo. Akatoa ulimi. Ulimi wa kiasi cha slesi mbili za mkate! Alikuwa mbwa.

"Analala na mimi kila siku," yule mama akamwambia. "Tangu aanze, presha yangu imeshuka."

Presha! Neno hilo likamwingia Wekulo kama msumari kwenye bati, maana mke wake alikuwa na ugonjwa huohuo. Akatoka pale amebadilika, kama mtu aliyetoka mlimani na amri. Na kwa bahati, mlinzi wa geti alikuwa na mbwa kijana anatafuta wa kumpa. Mama wa mbwa huyo alikuwa wa ukoo, baba yake mpita njia. Miguu mirefu, masikio makubwa, tumbo halina mwisho.

Wekulo akampa jina la Waziri. "Anakula sana," akaeleza, "na hakuna anayejua kazi yake ni gani."

Mkewe, Nangila, anauza mashuka ya mitumba soko la Gikomba. Huyo ni mwanamke anayeweza kufumba macho, akagusa shuka, akakuambia ililaliwa na mtu mnene ama mwembamba. Shuka zake za nyumbani hazikaliwi na nguo za nje. Pale dispensari ya mtaa, Sista Eve alikuwa amemwambia apunguze chumvi na apunguze mawazo.

"Chumvi nimeacha, Sista," Nangila alijibu. "Mawazo ndiyo magumu. Yako nyumbani, yana ndevu."

Basi jioni hiyo mawazo yakaingia na mbwa.

"Baba Triza, huyo mnyama anaenda wapi?"

"Kitandani."

"Kitanda kipi?"

"Kwani tuna vingapi?"

Swali zuri. Nyumba yao ni chumba kimoja na pazia. Huku kuna kochi, meza na jiko. Nyuma ya pazia kuna kitanda cha futi nne kwa sita. Triza, binti yao, yuko bodingi na sanduku lake.

"Mbwa akipanda hapo, mimi nashuka," Nangila akasema. "Nitasimama mbele ya akina mama wa kanisa niseme nini? Kwamba nimelala na Waziri?"

"Ni afya, mama! Ni utafiti! Wewe unabisha kwa sababu hujasikia hoja. Twende kwa Bunge Jumapili. Watu wakisema hapana, mbwa alale nje."

"Na wakisema ndiyo?"

"Alale na sisi, presha ishuke."

Nangila akamwangalia sana. "Sawa. Watu waamue."

Bunge ni lile la chini ya mulika mwizi, ile taa ndefu ya mtaa. Jumapili baada ya kanisa, wasee wote wasio na kazi na wenye kazi wanayoitoroka hukutana pale. Upinzani huongozwa na Mbuthia, muuza sufuria, mtu wa sauti kubwa na bahati ndogo. Kila Jumapili anapigwa kwa hoja, na kila Jumapili anarudi.

"Wananchi!" Mbuthia akaanza. "Mbwa ni askari! Mshawahi kuona askari analinda boma akiwa chini ya blanketi?"

"Mshawahi kuona askari asiyelala kazini?" Wekulo akajibu.

Bunge likaanguka. Kuna mtu alicheka mpaka akashika nguzo.

"Ngai! Ana viroboto!"

"Anaogeshwa. Hata wewe ulioga siku moja ukapata bibi."

"Ana minyoo! Anaramba takataka, halafu anakuramba mdomo!"

"Dawa ya minyoo inauzwa hapo kwa agroveti, buda. Chanjo ipo. Dawa ya bibi kukosa usingizi umeiona wapi?" Wekulo akapanda juu ya debe, akatandaza mikono. "Ndugu zangu! Mbwa hakoromi! Mbwa hanuki pombe ya kegi! Mbwa haji kitandani na soksi! Hazungumzi siasa umefumba macho! Kitanda si cha binadamu, kitanda ni cha amani! Anayeleta amani apande! Anayeleta presha ashuke! Awe na miguu miwili, awe na minne, ASHUKE!"

Shangwe! Vumbi! Mbuthia akainama chini kama sufuria iliyobonyea. Wekulo akabebwa juu juu mpaka karibu na mtaro, ndipo wakakumbuka uzito wake wakamweka chini.

Nangila alikuwa amesimama nyuma na kikapu. Hakupiga kelele. Alipiga makofi polepole, huku akitikisa kichwa kama mtu aliyepata shuka safi katikati ya beli chafu ya mitumba.

Kesho yake akamsugua Waziri kwa sabuni mpaka mbwa akawa na rangi ambayo hata mama yake hakuijua. Akampeleka chanjo. Akampa dawa ya minyoo. Akatandika shuka ya bluu, ile ya wageni, ambayo Wekulo mwenyewe aliruhusiwa kuiona tu Krismasi.

Kulala kukapangwa hivi: Nangila ukutani, Waziri katikati, Wekulo ukingoni, pale ambapo mtu akikohoa anaamkia sakafuni.

Waziri alikuwa mlalaji wa heshima. Alijikunja, akaweka kidevu kwenye mguu wa Nangila, kimya. Wekulo naye akaanza kukoroma. Kukoroma kwa Wekulo si sauti, ni kiwanda! Posho mill inayosaga mawe! Na katikati ya kukoroma hubishana: "Hapana! Nipe nafasi nimalize!" Waziri akavumilia, akavumilia, kisha akaweka nyayo zote nne kwenye mbavu za Wekulo, akajinyoosha.

Puu! Fundi akakutana na simiti.

Akajaribu kupanda tena. Grrrrr!

"Nangila! Mbwa wako ananitisha!"

"Anadhani ni mwizi. Kwani unatoka wapi?"

"Natoka hapa!"

"Hapa wapi?"

"Chini!"

"Basi ni mwizi anatoka chini. Waziri, kijana mzuri."

Usiku uliofuata akaanguka tena. Uliofuata, akaanguka na taa. Asubuhi hiyo, uso ukiwa na alama ya mguu wa kitanda, akasema kwa upole usio wake: "Mama Triza, nafikiri mbwa sasa anaweza kulala mlangoni."

Nangila alikuwa anakunja mashuka ya kupeleka sokoni. Hakuinua macho.

"Wewe ulisema anayeleta presha ashuke. Awe na miguu miwili, awe na minne. Nilikuwa pale, baba Triza. Nilikupigia makofi."

"Lakini nilikuwa naongea kwa jumla!"

"Na mimi nilielewa kwa jumla. Halafu nikahesabu miguu."

Ndivyo Wekulo alivyohamia kwenye kochi. Ni kochi la watu wawili wasiopendana, fupi, lenye mikono ya mbao. Kichwa kikalala sebuleni, miguu ikalala jikoni. Akigeuka kulia, sufuria zinalia. Akigeuka kushoto, yeye ndiye analia. Na nyuma ya pazia, Waziri anavuta usingizi kwenye shuka ya Krismasi!

Fundi akaona hapa dawa ni moja: Bunge. Waliopitisha sheria wataifuta. Jumapili akapanda debe lake.

"Ndugu zangu, nimefanya utafiti zaidi. Mbwa ni askari! Mshawahi kuona askari chini ya blanketi?"

Kisha sauti ikatoka kule upande wa upinzani.

"Mshawahi kuona askari asiyelala kazini?" akauliza Mbuthia.

Bunge likaanguka, upande wa pili.

"Ana viroboto!" Wekulo akafoka.

"Anaogeshwa."

"Ana minyoo!"

"Agroveti, buda. Manze, wewe ndiye ulinifungua macho! Mbwa wangu Simba ameingia ndani tangu Jumatatu. Bibi yangu amemnunulia mto." Mbuthia akashika kifua. "Kitanda ni cha amani, ndugu Wekulo! Haya ni maneno ya mtu mwenye hekima sana. Sijui siku hizi aliko."

Kwa mara ya kwanza katika historia ya Shauri Moyo, Wekulo alishindwa kwa hoja. Na aliyemshinda ni Wekulo.

Sasa likabaki tumaini moja tu. Siku ya Nangila kupimwa presha ilikuwa inakaribia. Ikipatikana imepanda, mbwa ataonekana mwongo, na fundi atarudi kwenye kitanda chake na mgongo wake. Hapo ndipo mume wa ndoa ya kanisani alipopiga magoti kando ya kochi, akamwomba Mungu ampandishie mkewe presha.

Akasikia aibu. Akatubu. Akaanza upya: "Wele, Mungu wangu, basi ipande kidogo tu. Ya kuonekana kwa mashine." Siku moja mkono ulifika hata kwenye mkebe wa chumvi, mboga ikiwa mekoni. Akaurudisha. Mjinga, sawa; muuaji, hapana.

Siku ikafika. Wakaketi wote wawili mbele ya Sista Eve. Benchi la wagonjwa nyuma yao lilijaa mpaka mlangoni, na pazia la dispensari lina tundu la kutosha shingo. Sista akafunga kitambaa mkononi mwa Nangila. Mashine ikavuta pumzi. Wekulo akazuia yake.

Sista Eve akaangalia namba. Akagonga mashine. Akapima tena.

"Mama Triza, umefanya nini? Imeshuka vizuri kabisa!"

"Nalala na mbwa, Sista."

"Sista!" Wekulo akaruka. "Wewe umesoma! Sema mbele ya watu, kulala na mbwa ni afya ama si afya?"

Sista akafikiri. "Akiwa msafi, amechanjwa, amekunywa dawa ya minyoo, na nyumba haina mtu wa pumu wala vidonda, sina ugomvi naye. Wengine anawanyima usingizi, hao wamtoe."

"Mimi ananinyima!"

"Lakini," Sista akaendelea, "mbwa peke yake hawezi kushusha presha hivi, tena haraka hivi. Lazima kuna kitu kingine kimebadilika. Mama, pale kitandani kuna nini kipya?"

"Hakuna kipya, Sista."

"Kuna nini kimepungua?"

Nangila akainamisha macho, akashika pindo la leso yake. Adabu ilipigana na ukweli, na adabu haikufika mbali.

"Baba Triza alihamia kochi."

Sista Eve akamgeukia Wekulo, akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, jinsi mtu anavyotazama shimo la choo ambalo limekuwa likileta kipindupindu.

"Na usingizi je, mama?"

"Fofofo, Sista. Hata jogoo wa jirani nilikuwa nadhani alikufa."

"Basi usibadilishe chochote. Hiyo ndiyo dawa."

Kutoka kwenye benchi sauti ya mwanamke ikapaa: "Sista! Hiyo dawa nami naweza kupata? Kochi ninalo!"

"Mimi kochi sina!" mwingine akalia. "Ninaweza kumtoa mpaka wapi?"

Vicheko vikapasuka mpaka mtoto aliyekuwa akingoja sindano akasahau kulia. Wekulo akakunja mkono wa shati kwa hasira.

"Nipime na mimi! Mimi ndiye mgonjwa hapa! Nalala miguu ikiwa jikoni!"

Akapimwa. Mashine ikalia kama kuku aliyekanyagwa.

"Hii yako ndiyo mbaya," Sista akasema. "Iko juu sana."

"Si nilisema!" Wekulo akashangilia. Sijui kama kuna binadamu mwingine aliyefurahia ugonjwa namna hiyo. "Mmesikia wote? Iko juu sana! Sasa Sista, waambie dawa yangu. Nirudi kitandani, sivyo?"

"Chumvi, punguza. Kegi, acha. Kubishana, acha kabisa. Urudi nikupime tena. Na usiku," Sista Eve akasema akiita mgonjwa mwingine, "tafuta kitu cha kukutuliza. Umejaribu mbwa?"

"Mbwa!"

"Wako mwenyewe. Huyo mwingine muachie mama."

Jioni hiyohiyo Wekulo alionekana nyuma ya buchari za Gikomba ameshika mutura, ule utumbo wa kujazwa nyama na kuchomwa, anapiga miluzi. Alipita mbwa wanene, akapita wenye maringo, akachagua mmoja wa sikio moja, mbavu nje, ambaye tangu azaliwe alikuwa akiitwa tu "toka!" Huyu, fundi akajiambia, hawezi kukataa.

Mbwa akafuata mutura mpaka Shauri Moyo. Wekulo akafungua mlango kwa heshima zote. Akatandaza blanketi juu ya kochi, akalipiga vumbi, akasogeza mto.

"Karibu, mzee. Hapa ni kwako. Mimi nalala upande huu, wewe upande huo. Sisumbui mtu."

Mbwa akamaliza mutura. Akanusa kochi. Akamnusa Wekulo, kwa muda mrefu kidogo. Akatoka nje, akajilaza kando ya mtaro.

Mvua ikaanza kunyesha.

"Ingia, ndugu!" Wekulo akambembeleza mlangoni. "Utalowa!"

Mbwa akainua kichwa, akamtazama, akalifikiria jambo lenyewe. Kisha akanyanyuka, akasogea mbali kidogo, akalala kwenye matope.