Nilivyoikwamisha Lifti kwa Ajili ya Cheo

Jumatatu, 3 Machi

Cheo cha msimamizi wa stoo kiko wazi! Miaka yote nabeba na kuhesabu magodoro, sasa ni zamu yangu. Kikwazo ni Kinyonga, tunayekaa naye meza moja. Tangu asubuhi anamchekea Mama Meneja hata asipotania.

Nimepata dawa. Mama Meneja hana nafasi ya kumsikiliza mtu, ila lifti anapanda kila siku. Nitaingia naye, niruke kwa nguvu, tukwame. Atatetemeka, nitamtuliza. Nani atamnyima cheo mwanamume wa namna hiyo? Nimeshasoma yote: kamba za chuma ni kadhaa, hata moja inatosha kutubeba, hewa inaingia, anayelazimisha mlango ndiye anayeumia. Mama watoto amesema akili ni nywele, na mimi nina kipara. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeruka. Kimya. Mama Meneja ameuliza kama nimeingiwa na siafu. Nimeruka tena. Kwii! Tumekwama! Taa ikazimika!

Lo, yote niliyosoma yakanitoka. Nimemlilia marehemu bibi. Nimekumbatia mkoba wa Mama Meneja. Nimejaribu kupanua mlango kwa rula. Yeye kabonyeza kengele, kavua viatu, kakaa chini.

"Mwanangu, tulia," akasema. "Lifti ikihisi vibaya inajifunga breki. Haituangushi, inatulinda. Cha hatari humu ni wewe."

Kinyonga ndiye aliyesikia kengele akamkimbilia fundi. Mlango ulipofunguka nikamrukia mtu wa kwanza na kumbusu shavuni. Alikuwa Kinyonga.

Jumatano, 5 Machi

Kinyonga kapewa cheo. Nimempongeza kwa mdomo, moyo umekataa katakata. Nimelia chooni.

Balaa jingine. Kelele zangu zilisikika jengo zima, na sasa hakuna anayetaka lifti. Mhasibu amepanda ngazi mpaka juu, akafika hana hata salamu. Mama Meneja ameamua kwamba aliyewatia watu hofu ndiye atakayewatoa. Nitashinda ndani ya lifti, nikiwaeleza watu kuwa ni salama.

Alhamisi, 6 Machi

Napanda, nashuka. Kila anayeingia namweleza habari za breki. Mhasibu amekubali kuingia, ila kwa sharti kwamba nisimame bila kutikisika. Kinyonga amepita akanipungia mkono kama mtoto anayesindikizwa shule. Haya, yana mwisho.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenusa habari! Jumatatu anakuja mwenye kampuni, na lifti atakayopanda ni yangu! Kosa langu sasa nalijua: nilimchagua mtu asiye na hofu. Huyu mzee ni mwoga, dereva wake ameniapia. Nikimtuliza yeye, Kinyonga atanipisha kiti.

Mama watoto ameuliza ni nani atakayenituliza mimi. Nimemsogezea sahani aniongezee. Mpaka Jumatatu nakula sahani mbilimbili, ili uzito uzidi na niruke mara moja tu.