Utepe Katikati ya Friji

Jumatatu, 5 Februari

Akili yangu ni hatari! Leo maktabani, badala ya kupanga vitabu ninavyolipwa kuvipanga, nimefungua ule ukurasa wa mtandaoni ambao chuo kinatuhimiza tuutumie. Unajibu maswali kwenye simu, wenyewe wanapeleka maombi kaunti, unapata kadi ya serikali ya kununulia chakula, sisi tusio na kipato. Nilikwenda mbio. Kazi ya chuoni? Ninayo. Akiba? Kicheko. Kisha nikakwama: unaokaa nao, mnanunua na kupika pamoja?

Hapo pana Meng. Meng Xiong ndiye ninayekaa naye, Mhmong, wale ambao wazee wao walitoka milima ya Laos, lakini yeye ni wa hapa hapa Fresno, California, anasomea uuguzi. Yeye hupika, mimi hula. Lakini ana kazi ghalani. Nikisema tunapika pamoja, mshahara wake utahesabiwa nami nitanyimwa. Nikisema hatupiki pamoja, nitakuwa mwongo, na mama alinilea vizuri. Nimebonyeza "hapana". Kuanzia kesho nitalifanya liwe kweli!

Jumanne, 6 Februari

Nimebandika utepe wa bluu katikati ya friji, juu mpaka chini. Upande wa Meng: mboga, nyama, pilipili ya kutwanga ya mama yake. Upande wangu: haradali.

Nimemwambia Meng mtu mzima lazima ajitegemee. Hakugombana. Aliuliza tu kama nimechoshwa na wali wa mama yake, ule unaonata. Yule mama hana salamu nyingine duniani: ukikutana naye, hata mlangoni pa hospitali, anakuuliza umeshakula? Nikasema sivyo. Akasema, "Haya, bwana mkubwa," akapakua sahani moja. Moja!

Nimekula mkate na haradali chumbani. Harufu ya mchaichai imenifuata mpaka chini ya blanketi.

Jumatano, 7 Februari

Namba nisiyoijua imenisumbua tangu asubuhi. Kila mtu hapa anajua: namba usiyoijua ni tapeli. Mwishowe nikapokea, nimkomeshe. Mama mmoja mwenye sauti ya upole akasema angependa kuniuliza kuhusu kipato changu. Nilijua tu! Nikamwambia mimi ni mfalme wa Norwe, kipato changu ni meli na samaki, awasalimie wezi wenzake. Nikakata. Nilijisifu sana.

Jioni ujumbe kutoka kule mtandaoni: afisa wa kaunti alikupigia kwa ajili ya mahojiano yako, lakini hayakufanyika. Hayakufanyika! Mama wa watu hata hakunisemea.

Nilitamani kumsimulia Meng. Hakuna anayecheka visa vyangu kama yeye. Alikuwa jikoni, amenipa mgongo. Nikapita kama mpangaji.

Ijumaa, 9 Februari

Njaa imenishinda. Nimekwenda kile chumba cha chakula cha bure chuoni, ambako Bi. Quiroz huwasaidia waliokwama mtandaoni. Nimevaa kofia mpaka kwenye nyusi. Nafika, nani yuko mezani pake? Meng! Nikajibanza nyuma ya rafu ya maharage ya makopo.

Nikasikia yote. Ghalani wamempunguzia zamu tangu Krismasi. Tangu Krismasi! Na mimi Januari nzima naongezewa wali, natoa kasoro kwenye chumvi.

Bi. Quiroz akamuuliza nyumbani wanakula wangapi. Meng akasema, "Wawili, mama. Mimi na mwenzangu Orrin." Akaongeza, "Siku hizi amesusa, lakini namwekea. Kwenye droo ya chini, upande wake."

Ile droo sikuwahi kuifungua. Nilijua sikuweka kitu.

Nililia. Kopo likaanguka. Meng akageuka, akanitazama na kofia yangu. "We Orrin, unaiba maharage ya bure?"

Nikaungama kila kitu, mpaka ufalme wa Norwe. Bi. Quiroz alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema wanaokula pamoja huomba pamoja, na kwa mshahara alio nao Meng sasa, hakuna wa kutunyima. Akatuandikia maombi upya, jina langu chini ya jina la Meng. Akaonya tupokee simu. Kila simu, alisema, akinitazama mimi.

Nyumbani nilibandua utepe. Droo imejaa mabakuli, kila moja na mfuniko wake. Meng aliyapasha moto yote. Nilimwambia samahani, na kwamba nilimkosa. Akasema ningemkosa vizuri zaidi nikiwa naosha vyombo. Nikaosha.

Jumatano, 14 Februari

Namba nisiyoijua! Nimepokea. Ile ile sauti ya upole. Aliuliza kama anazungumza na ikulu ya Norwe. Nikasema mfalme amejiuzulu. Mahojiano yamefanyika. Tumekubaliwa!

Jumamosi, 24 Februari

Kadi imefika! Mama yake Meng anakuja kula kwetu leo, na wameniambia nisijisumbue, nije na njaa yangu tu. Mimi? Nimwache Meng apike tena, baada ya yote haya? Nimetoroka nayo kadi mpaka dukani, nikachukua kuku wa kuokwa, mkubwa, anatoa moshi. Dada wa kaunta akanirudisha: kadi hainunui chakula cha moto, ndiyo sheria. Kuku mbichi wako kule.

Lakini akili yangu ni hatari! Kama kosa lake ni joto, dawa si kupoa? Naandika haya nimesimama kando ya jokofu la aiskrimu, kuku amekaa juu ya njegere zilizogandishwa, nampepea kwa shajara hii kila nikimaliza sentensi. Meneja amepita mara kadhaa. Nimemwambia hatuna haraka.

Simu imelia sasa hivi. Namba siijui. Mama mmoja. Nikamwambia kwangu hapatapeliki, atafute mjinga mwingine, nikamkatia. Matapeli wa siku hizi wamekuwa wa ajabu: huyu hata kipato hakukitaja. Aliniuliza tu kama nimeshakula.