Zahanati ya Kwenye Jedwali

Jumatatu, 8 Julai 1974
Bwana Kasimiri, mkuu wetu wa ofisi hapa Tabora, anataka majedwali ya vijiji vyote vipya: nyumba, visima, shule, zahanati. Niende nikakague kimoja kimoja. Kwa baiskeli, na jua hili! Nimepata njia bora. Mpango wa serikali umeshaeleza kila kijiji kiwe na nini. Nitakata stensili moja, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, kutokana na mpango, mashine ya kurudufu itamaliza kazi. Nitabadilisha majina tu.

Mwanajuma, mpiga chapa, ameuliza kama zahanati hizo zimeshajengwa. Wivu.

Jumatano, 10 Julai
Majedwali tayari. Mistari imenyooka kama reli. Bwana Kasimiri amesema mbele ya wote kwamba mimi, Nassibu, ni kijana wa maendeleo. Mwanajuma hakupiga makofi.

Mchana amekuja Masolwa, mkulima aliyehamia kijiji kipya upande wa Goweko. Mkewe, Flavia, ana mimba pevu. Aliuliza kama amlete mapema hospitali ya Kitete kwa gari moshi. Nikamfungulia jedwali. Nikamwambia asijisumbue, kijiji cha jirani kina zahanati na mkunga. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Ijumaa, 12 Julai
Sijui niandikeje. Mwenyekiti wa kijiji kile amefika ofisini akihema. Zahanati yenyewe ni vigingi na kamba. Masolwa alimfikisha Flavia hapo, akashikwa na uchungu papo hapo, wanawake wakamwingiza kwenye bani la kukaushia tumbaku, akajifungulia humo. Damu ilikuwa haijakatika. Mwanajuma ndiye aliyekimbia kuomba Landrova. Mimi nilijificha stoo, nyuma ya maboksi ya karatasi.

Jumapili, 14 Julai
Nimekwenda Kitete. Mama na mtoto wazima, alhamdulillahi. Nilitaka kugeuka mlangoni nirudi, Masolwa akaniona. Hakunifokea. Ameuliza tu, "Bwana karani, ile zahanati uliiona wewe mwenyewe?"

Flavia akageukia ukutani. Nimerudi nyumbani kwa vichochoro, nisionane na mtu.

Jumatatu, 15 Julai
Bwana Kasimiri ameamuru majedwali yote yafanywe upya, na chini ya kila moja niandike kwa mkono wangu: "Nimekagua kwa macho yangu." Ana haki. Aibu bado inaniunguza.

Lakini vijiji ni vingi mno, na maneno ni yaleyale. Nimeyakata kwenye stensili.