Sadiq na Wanawe, Waagizaji wa Bafta

Jumatatu, 6 Machi 1978
Mvua. Nateete, hapa Kampala, matope matupu. Shemeji yangu Mansur kapita dukani na bango jipya begani: MWAGIZAJI WA SABUNI. Wiki jana kaandikishwa forodhani, leo salamu anazitoa kwa pua. Mke wangu Rahima kamwonea kaka yake fahari hadi machozi. Mimi nikasukuma sahani.

Lakini nimepata wazo! Bafta! Kitambaa cheupe cha sanda. Juzi jirani yetu kazikwa na shuka la maua. Mji mzima hauna bafta, na misiba kila mtaa. Mansur auze sabuni yake. Kuoga ni hiari ya mtu. Kufa tutakufa sote.

Jumanne, 7 Machi
Nimeandika maombi. Kwa Kiswahili, lugha ya taifa; tena Kiswahili chetu tuliolelewa na mababu wa pwani, si hiki cha askari wa kambini. Jina: Sadiq na Wanawe. (Watoto bado. Inshallah.) Penye sababu ya kuagiza nimeweka sentensi niliyoipiga msasa asubuhi nzima: “Kwa kuwa siku hizi watu wanakufa kwa wingi kuliko zamani, na wengi wao ghafla, mahitaji ya sanda ni makubwa.”

Nikamsomea Rahima. Kajishika mdomo. Kaniomba niichane. Damu nzito kuliko maji: anamlinda kaka yake!

Alhamisi, 9 Machi
Forodhani. Foleni mpaka barabarani. Karani wa dirishani ni mama Mwacholi wa kaskazini, Bi. Ayot, anakaa Nsambya kwenye nyumba za polisi. Mumewe alikuwa sajini. Alikuwa. Sikuuliza zaidi.

Kasoma maombi yangu. Kasita. Kasoma tena. Katazama mlangoni, kisha kwa sauti ndogo: “Mzee, rudi nyumbani. Andika kitambaa cha mashati ya shule.”

Nikamweleza kuwa mashati hayamo katika mpango wangu.

“Basi andika mapazia. Tafadhali, mzee wangu. Mimi sijaona hii karatasi.”

Hajaiona! Na ameishika mkononi! Nikaelewa papo hapo: Mansur kamhonga sabuni. Nikadai muhuri. Kakataa. Nikapaza sauti hadi foleni nzima ikageuka. Kagonga muhuri. Nikaipandisha karatasi mwenyewe ghorofani kwa mkubwa, isije ikapotea njiani. Ushindi!

Jumatano, 15 Machi
Mkono wa kulia umevimba. Naandika polepole.

Jumamosi walikuja wawili, miwani myeusi, mashati ya maua. Wakauliza kwa adabu kama mimi ndiye Sadiq. Nikadhani ni wakaguzi wa ghala. Nikawaagizia chai. Hawakuinywa; wakanitia garini.

Kambini, afande mmoja alikuwa na sentensi yangu mezani. Kumbe imesomwa na wakubwa!

“Wewe nasema watu nakufa mingi. Nani nakufa? Taja!”

Nikaanza na jirani. Sikufika mwisho wa jina lake.

Baadaye akauliza nani alipokea upuuzi huu. Nikasema, kwa kinywa kilichobaki, kwamba maombi ni halali kabisa, yana muhuri wa Bi. Ayot. Akaandika jina.

Mle ndani tulilala wengi. Kulipokucha tulikuwa wachache. Mmoja alikuwa ameniambia kwao ni wapi, nikawape salamu. Nimesahau. Najaribu kukumbuka, siwezi.

Jana Mansur akaja. Kapiga magoti kwenye saruji. Kasema shemeji yake ni kichaa tangu utotoni, ukoo mzima unajua. Kisha kawakabidhi leseni yake na sabuni yote iliyokuwa stoo. Nikaachiwa.

Kichaa! Mbele ya watu! Rahima kanikanda kwa maji ya moto huku analia. Nikamwambia hata mimi ingeniliza, kaka kumtukana mtu hivyo.

Jumatatu, 20 Machi
Nimekwenda forodhani kuulizia maombi yangu. Dirishani kuna kijana mpya. Nikamwulizia Bi. Ayot. Kasema jina hilo halijui. Nikamweleza: yule mama wa Nsambya, juzi tu alikuwa hapo hapo ulipokaa. Kasema halijui. Watu wote kwenye foleni wakawa wanatazama viatu vyao.

Kahamishiwa Entebbe, bila shaka. Upepo wa ziwa, kazi chache. Wengine wana bahati. Ila chai niliyoagiza baadaye nimeiacha mezani, sijui kwa nini. Labda maziwa.

Mansur kashusha bango. Anauza mkaa Katwe. Kanisalimu vizuri, sikuitika.

Lakini nikirudi nimepata wazo! Makufuli! Jua likizama tu kila mlango unafungwa, na mafundi wote wa Katwe hawamalizi kazi. Nikiyaleta kwa maboksi kutoka Mombasa, nani atashindana nami? Sababu ya kuagiza ninayo tayari, na safari hii imetulia zaidi: “Kwa kuwa wananchi hawalali kwa hofu ya wale wanaokuja kugonga usiku.”

Rahima kaificha kalamu. Haya naandika kwa penseli, lakini maombi yanataka wino. Haidhuru. Kesho nitaazima kalamu kule kule forodhani.